Tunatafuta Waandishi, Walinzi Je?

Ndugu zangu wa Mtwara, walionisikia Lindi na Masasi wanajua ninakoelekea, wanivumilie. Wikipedia mnaijua, siielezi. Ninachodai ni kwamba tuache kujisifia idadi ya makala mpya. Tuulizane ni wangapi kati yetu wanafungua orodha ya mabadiliko ya karibuni, ile inayoonyesha nani amehariri nini.

Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya huko Uskoti, yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa na miaka 12. Alichukua Kiingereza, akapindapinda tahajia, akachomeka maneno ya kamusi, na akapewa hadi usimamizi! Mtasema ni mhuni. Sikubali. Alikuwa na nia njema, wala hakujificha: kila alichohifadhi kilibaki kwenye historia ya ukurasa pamoja na jina lake la mtumiaji, tarehe na saa. Yote yalikuwa peupe kwa miaka. Wenye lugha waliokaa zamu ndio hawakutosha. Na sisi tusijidanganye kwamba Kiswahili ni kikubwa, hakitapatwa. Leo hata kamusi haihitajiki. Programu ya tafsiri inamwaga makala kumi asubuhi moja, na hakuna anayezisoma.

Chukueni Tendaguru, hapo Lindi, Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913 wakaipeleka Berlin. Mtu akigeuza 1909 kuwa 1990, ukurasa unabaki mzima machoni. Fungua historia, linganisha matoleo mawili: tarakimu zilizoguswa zimepakwa rangi, la zamani kushoto, jipya kulia. Kutengua ni kubofya tu. Lakini nani atafungua, kama si mtu wa huku anayejua Tendaguru ni nini?

Hapa daima husimama mtu akasema: basi fungeni mlango, waandike wasomi peke yao. Jamani, hilo lilishajaribiwa! Nupedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoitangulia Wikipedia, ilianza mwaka 2000, kila makala ipite hatua saba za ukaguzi. Mwaka wa kwanza zikapita 21. Ikafungwa 2003. Wikipedia, iliyoanza Januari 2001 mlango wazi, ndiyo mnayoisoma. Uwazi haukuwa kosa lake; uwazi ndio unaomwezesha mvuvi wa Msimbati kusahihisha alichokosea profesa.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, nakimbia. Sentensi isiyo na chanzo, dai chanzo. Mkibishana, nendeni ukurasa wa majadiliano, msikae mnatenguana. Na wakabidhi, yaani wasimamizi, wasiwe kikundi cha marafiki: Wikipedia ya Kikroatia ilishikwa na kikundi kidogo kwa miaka mingi, kisa kirefu, tukiache.

Wenye simu, ingieni kwenye akaunti zenu sasa hivi. Tafuteni makala ya Mikindani, bofyeni ile nyota ili iingie kwenye maangalizi yenu, orodha ya kurasa mnazozilinda. Kisha Kilwa Kisiwani. Asiye na akaunti aje hapa mbele, tumfungulie kabla hatujatawanyika.