Faili Hili Ni la Nani? Ruhusa, Nakala na Zana za Bure kwa Mwalimu wa Darasa la Mtandaoni

Hamjambo walimu. Zana za bure za kufundishia mtandaoni ni nyingi kuliko muda tuliopewa, kwa hiyo sitawasomea orodha. Orodha mtaipata popote. Nataka tukae kwenye swali moja ambalo mwalimu anayetumia Google Classroom, mfumo wa Google wa kutuma na kupokea kazi za darasa, au mfumo wowote unaofanana nao, hujikwaa juu yake kila wiki bila kulitaja: faili hili ni la nani, na nani ana ruhusa ya kufanya nini ndani yake? Mengi tunayoyaita "mtandao unasumbua" au "wanafunzi hawafuati maelekezo", ukiyafuatilia, mzizi wake uko hapo.

Tuanze na zoezi la kawaida. Unapoambatisha hati, Classroom hukupa chaguo tatu: wanafunzi waitazame tu, wanafunzi wote wahariri hati hiyo moja, au kila mwanafunzi apate nakala yake. Usipogusa kitu, la kwanza ndilo linalotumika. Basi mwalimu anatuma karatasi ya mazoezi, na darasa zima linarudi na neno moja: "Mwalimu, haiandikiki." Ubaya ni kwamba chaguo la nakala kwa kila mwanafunzi hupatikana kabla ya kutuma tu. Ukishatuma, dawa ni kufuta zoezi na kulituma upya, na ufanye hivyo mapema kabla hawajaanza kutafuta njia zao za mkato.

Chaguo la kuhariri pamoja nalo lina mahali pake, ila karatasi ya mazoezi si mahali pake. Wanafunzi arobaini kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja anaandika jina juu ya jina la mwenzake, na jibu la mmoja linafutwa na kidole cha mwingine. Litumie kwenye Slides, programu ya Google ya slaidi: tengeneza slaidi kwa idadi ya wanafunzi, uandike namba kubwa kwenye kila moja, na kila mtu afanye kazi kwenye namba yake. Kumbukeni faili moja huhaririwa na watu wasiozidi 100 kwa wakati mmoja.

Halafu kuna kuwasilisha. Mwanafunzi akishawasilisha kazi, haki ya kuhariri humtoka ikaja kwako. Yeye anabaki mtazamaji. Kwa hiyo anayelalamika kwamba hati "imejifunga" simu yake ni nzima, alibonyeza kitufe mapema tu. Anaweza kuirudisha mwenyewe kwa kubatilisha uwasilishaji, lakini ni lazima awasilishe tena, la sivyo ataonekana hajaleta. Upande wako kuna mtego mwingine: alama uliyoandika ni rasimu mpaka urudishe kazi. Mwalimu anasahihisha usiku kucha, asubuhi wanafunzi wanasema hawajaona kitu, kumbe kitufe cha kurudisha hakijaguswa.

Sasa tukaribie kitu kidogo ambacho kinaokoa muda kuliko programu nyingi za kulipia. Tazameni anwani ya hati yoyote ya Google juu kwenye kivinjari. Baada ya mfululizo mrefu wa herufi kuna mkwaju (/), kisha neno edit, pengine na mengine nyuma yake. Futa kuanzia edit mpaka mwisho, uandike copy. Anayefungua kiungo hicho ataulizwa moja kwa moja kama anataka kutengeneza nakala, na hati yako haiguswi. Ukiandika preview badala yake, ataona hati yenyewe bila menyu, mzuri kwa kusomea. Na kwenye hati za maandishi, ukiandika export?format=pdf, kiungo kinashusha PDF bila kupitia ukurasa wowote, jambo linalomfaa mwenye simu ndogo.

Masharti mawili. Kwanza, ruhusa ya kutazama lazima iwe imetolewa kwa yeyote mwenye kiungo, maana kubadilisha neno kwenye anwani hakufungui mlango uliofungwa. Pili, nakala inayotokana na copy ni ya mwanafunzi, imekaa kwenye hifadhi yake, na wewe huioni mpaka akushirikishe. Hapo ndipo inapotofautiana na nakala inayotolewa na Classroom, ambayo wewe unaiona tangu mwanzo.

Kabla hujatuma kiungo chochote, kifungue kwenye dirisha fiche (incognito) la kivinjari. Humo hujaingia kwenye akaunti yoyote, kwa hiyo unaona anachokiona mgeni. Sekunde kumi tu. Na kama mwanafunzi anaambiwa hana ruhusa wakati wenzake wanafungua, muulize ana akaunti ngapi kwenye kifaa hicho. Mara nyingi kiungo kimefunguka kwa akaunti ya mzazi. Kwenye kompyuta ya kushirikiana, kila mtu awe na wasifu wake ndani ya kivinjari. Kuingia na kutoka kwenye akaunti hakutoshi.

Historia ya matoleo nayo inategemea ruhusa. Mwenye haki ya kutazama pekee haioni. Mwenye kuhariri anaiona. Humo unaona nini kiliandikwa lini. Lakini tusiigeuze kuwa hakimu. Aya tatu zikitokea kwa mpigo mmoja zimebandikwa, ndiyo, ila huenda mwanafunzi aliziandika kwenye programu nyingine akiwa hana mtandao. Tena hati ikinakiliwa, historia haifuati, inaanza upya. Iulize maswali, usiihukumie mtu.

Fomu. Google Forms ikigeuzwa kuwa jaribio husahihisha yenyewe, na hapo watu hufurahi mpaka waone matokeo. Kwenye jibu fupi, mfumo hulinganisha alichoandika mwanafunzi na ulichoandika wewe. Ukiweka "lita 5" tu, aliyeandika "5" au "lita tano" amekosa. Ongeza kila namna ya jibu unayoikubali, au uliza swali kwa namna inayobana: "Andika tarakimu tu." Bora zaidi, tumia uthibitishaji wa jibu ili fomu ikatae kisicho namba. Ukichanganya mpangilio wa majibu, ondoa chaguo la "yote yaliyotajwa hapo juu", maana linaweza kujikuta la kwanza. Na weka alama zitolewe baada ya wewe kupitia. Zikitolewa papo hapo, wa kwanza kumaliza amewafungulia wenzake majibu.

Kupakia faili kupitia fomu kunahitaji hesabu. Anayejibu lazima awe ameingia kwenye akaunti ya Google, na anachopakia kinakaa kwenye hifadhi yako wewe. Akaunti ya kawaida ya bure ina GB 15, zinazogawanywa kati ya barua pepe, Drive (hifadhi ya mafaili ya Google) na picha. Fomu yenyewe huja na kikomo cha GB 1 kwa jumla ya mafaili, usipokipandisha. Wanafunzi 40, kila mmoja picha tano za daftari, kila picha MB 4: hiyo ni MB 800. Zoezi la pili kwenye fomu hiyohiyo linajaza kikomo na fomu inaacha kupokea majibu. Wafundisheni watumie kitufe cha kuskani ndani ya programu ya Drive ya simu: kurasa tano zinakuwa PDF moja, nyepesi na inayosomeka, badala ya picha tano zilizolala upande.

Majibu yakiingia kwenye lahajedwali, usitafute kwa macho nani hajaleta. Mpe kila mwanafunzi namba, uanzie 101 badala ya 001, kwa kuwa lahajedwali hupenda kumeza sifuri za mwanzo. Ibadilishe jina ile karatasi ya majibu iitwe Majibu. Kwenye karatasi ya pili weka orodha ya namba safu A, ukianzia mstari wa pili. Kama namba walizoandika wao ziko safu C, andika pembeni ya namba ya kwanza:

=IF(COUNTIF(Majibu!C:C,A2)=0,"bado","")

Buruta chini. Ikikataa na kulalamikia fomula, badilisha mikato iwe nukta mkato, kwani mipangilio ya baadhi ya lugha inataka hivyo.

Hapa kuna onyo ambalo ningependa mtoke nalo. Karatasi iliyofichwa ndani ya lahajedwali haijalindwa. Mtu mwenye ruhusa ya kutazama anaweza kutengeneza nakala, na ndani ya nakala yake yeye ndiye mwenye mali, anaifichua. Ukiwa na alama za darasa zima kwenye karatasi uliyoficha na ratiba kwenye karatasi uliyoonyesha, umewapa vyote viwili. Alama zikae kwenye faili lake peke yake.

Kwa wasio na mtandao wa uhakika, Hati za Google hufanya kazi nje ya mtandao, lakini ruhusa hiyo huwashwa ukiwa mtandaoni, kwenye Chrome au Edge, na hufanya kazi kwenye kifaa hicho tu, si kwenye dirisha fiche. Kwenye simu unaweka alama kwa kila faili unalotaka. Ila kama darasa zima halina mtandao, wingu si jibu. Kolibri ni programu ya kujifunzia iliyotengenezwa kwa ajili hiyo: kompyuta moja inabeba masomo, nyingine zinaunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani. Kwa sayansi, majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder hupakuliwa yakaendeshwa bila intaneti, na mengi yametafsiriwa, Kiswahili kikiwemo. Kwa hisabati, GeoGebra. Moodle, mfumo wa kuendesha darasa la mtandaoni, ni programu huria, hailipiwi leseni, lakini seva ya kuiweka na mtu wa kuitunza vinagharimu. Neno bure lina maana zaidi ya moja.

Na bure inaweza kufungwa. Jamboard, ubao wa Google uliopendwa na walimu wengi, ulizimwa mwishoni mwa 2024, na mbao zake hazihaririki tena humo. Kwa hiyo kila mwisho wa muhula, fungua Google Takeout, huduma ya kupakua nakala ya data yako, ondoa alama zote, weka alama kwenye Drive na Classroom peke yake, uombe faili, usubiri barua pepe. Inaweza kuchukua saa kadhaa, na kiungo cha kupakulia hukoma baada ya siku chache, msikiache kwenye kikasha. Darasa lenyewe liweke kwenye kumbukumbu badala ya kulifuta: mafaili yanabaki Drive, wanafunzi bado wanaweza kuyatazama, ila hakuna anayewasilisha kazi mpya.

Tuchukue maswali. Mwenye hati iliyomgomea aifungue sasa hivi, na kabla hajaeleza, atuambie kwanza ameingia kwa akaunti ipi.