Kufumbia Macho, Kuendekeza, Kuridhia: Maneno ya Kumshtaki Aliyeliacha Ovu Liendelee

Walimu wangu, ndugu wanahabari, nanyi wanafunzi mliovuka kivuko kutoka Likoni, asanteni kwa kuja.

Mada yetu jioni hii ni maneno tunayomtajia mtu ambaye hakutenda ovu kwa mkono wake, ila liliendelea kwa sababu yeye aliliacha. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja lina shtaka lake. Anayeyachanganya humtwika mwenziwe hatia isiyo yake, au humpunguzia aliye nayo.

Nianze na kufumbia macho, kwa kuwa ndilo linalotumika zaidi magazetini na redioni. Kitenzi asili ni fumba. Tukikitia kiambishi cha kutendea kinakuwa fumbia, na papo hapo kinadai yambwa: kufumbia nini? Shtaka zima limo katika kiambishi hicho kidogo. Ukisema "Afisa alifumba macho", huenda alisinzia. Ukisema "Afisa aliufumbia macho uvunjaji wa sheria", umesema kwamba aliuona, kwa maana hakuna awezaye kulifumbia macho jambo asilolijua. Umesema pia kwamba alikuwa na uwezo wa kuuzuia. Ujuzi na uwezo: kimoja kikikosekana, neno hilo si lake.

Chukueni matatu ya abiria 14 inayotoka Likoni kwenda Ukunda. Ndani wamo watu 19, nayo imepita kizuizi cha polisi. Ikiwa polisi aliyekuwa zamu hakujishughulisha kutazama ndani, amezembea. Ikiwa aliipungia isimame, dereva akakaidi, naye hana gari la kuifuata, ameshindwa. Ikiwa alichungulia, akaona watu walivyobanana, kisha akairuhusu ipite, hapo ndipo amefumbia macho. Na ikiwa kuna kitu kilichopita dirishani mkononi mwa utingo, basi amekula rushwa. Kuandika kwamba "amefumbia macho" katika hali hiyo ya mwisho ni kumpunguzia kosa.

Kosa ninaloliona zaidi ni la kurukia neno zito. Kichwa cha habari kinasema kaunti "yafumbia macho" taka zilizorundikana mtaani, na ndani ya habari hakuna mstari unaoonyesha kwamba kuna aliyeambiwa. Kabla ya kulitumia neno hilo, mwandishi aulize: malalamiko yalifikishwa lini, yalipokewa na nani, na aliyeyapokea ana mamlaka gani? Akikosa majibu, atosheke na "yazembea". Neno dogo lenye ushahidi ni bora kuliko kubwa lililo tupu, tena humwepusha mwandishi na kesi ya kuharibia watu majina.

Sheria yenyewe huupima ujuzi huo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Rushwa ya Kenya ya mwaka 2016 kinamtaka mtu mwenye mamlaka, awe serikalini au katika shirika la binafsi, akijua au akishuku kuna hongo, aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Si lazima awe amepokea hata senti. Kujua au kushuku tu kunamfunga.

Kuendekeza ni jambo jingine. Asili yake ni enda, na maana ya kwenda bado imo: ni kuiachia tabia iende, mara ya kwanza, ya pili, hadi ikawa mazoea. Kwa hiyo kosa la siku moja haliendekezwi. Mwalimu mkuu aliyemwachilia mwanafunzi mmoja mchelewaji hajaendekeza kitu. Aliyewaacha muhula mzima ameendekeza uchelewaji. Wengi hulichanganya na kudekeza, kunakotokana na deka, na huko hakuhitaji ovu lolote: mtoto mwema naye hudekezwa. Vivyo hivyo kujiendekeza si kujipendekeza. Wa kwanza anajiachia mwenyewe, wa pili anatafuta kupendwa na mkubwa. Kulea, kama katika "kulea ufisadi", kunazidi kuendekeza, kwa sababu mlezi hulisha: anatoa fedha, cheo au ulinzi.

Sasa tuje kwenye kuvumilia na kustahamili, na hapa naomba tutulie kidogo. Stahamili limetoka katika mzizi wa Kiarabu wa kubeba, mzizi uleule uliotupa himili na hamali. Anayestahamili ndiye aliyebeba mzigo, ndiye anayeumia. Mke anayepigwa anastahamili. Jirani anayesikia kila usiku na hasemi hastahamili kitu, ananyamazia. Tunapoandika kwamba "jamii imevumilia dhuluma dhidi ya wajane", tunaipa sifa ya subira jamii ambayo haikuumia. Waliovumilia ni wajane.

Masheikh wetu wana kipimo kinachosaidia hapa. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume anafundisha kwamba aonaye ovu alibadilishe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi wake, na asipoweza kwa moyo wake, na hiyo ndiyo imani dhaifu kabisa. Angalieni jinsi wajibu unavyofuata uwezo. Mnyonge asiye na mkono wala ulimi, lakini moyo wake umekataa, hatuwezi kusema ameridhia. Kuridhia ni kukubali kwa moyo. Tukiita kila kimya ridhaa, tunawahukumu walioogopa pamoja na waliopenda.

Sheria ya zamani ya talaka nchini, kabla ya Sheria ya Ndoa ya 2014, nayo ilitenganisha. Mume aliyeridhia zinaa ya mkewe kabla haijatendeka hakuwekwa fungu moja na aliyejua baadaye, akasamehe na kumrudisha nyumbani. Wote wawili wangeweza kunyimwa talaka kwa zinaa hiyo, lakini kwa hoja mbili tofauti. Kusamehe huja baada ya tendo. Kuridhia kwaweza kutangulia.

Linalotutatiza zaidi sisi watu wa Pwani ni kusitiri. Kumsitiri aliyeteleza na akaacha ni adabu njema, nami naitetea. Lakini "funika kombe mwanaharamu apite" imefanywa ruhusa ya kufunika hata jeraha la mtoto. Msichana wa miaka 13 ananajisiwa, wazee wanakaa, fidia inatolewa, na habari inaandikwa kwamba familia mbili "zimesameheana". Msamaha ni wa aliyedhulumiwa, na huyo ni mtoto. Tena, chini ya Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kesi kama hiyo haifi kwa sulhu ya mtaani. Uamuzi wa kusimamisha mashtaka uko kwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Mkiandika habari hiyo, acheni kusamehe na kusitiri. Andikeni kwamba kosa lilifichwa, mtaje fidia iliyotolewa, mlinde jina la mtoto, kisha mwulize kituo cha polisi kama faili imefunguliwa.