Taa Nyekundu Haisubiri Ufike Nyumbani

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimeambiwa nizungumzie dashibodi nzima kwa dakika arobaini. Nitajitahidi, lakini wanaonifahamu wanajua nitaanzia wapi: kwenye ile taa nyekundu yenye birika dogo na tone mdomoni.

Swali ni moja. Ile taa inakuambia nini? Kila ukumbi jibu ni lile lile: "Oili imepungua, nikifika nitaongeza." Hapana. Taa ile haipimi wingi wa oili hata kidogo. Inapima presha, na kosa hilo limeua injini nyingi.

Kwenye bloku ya injini, mara nyingi jirani na filta ya oili, pamefungwa swichi ndogo yenye waya mmoja. Ndani yake mna kiwambo na springi. Presha ya oili inasukuma kiwambo, umeme unakatika, taa inazimika. Presha ikianguka, springi inarudi na taa inawaka. Haya, inaanguka hadi wapi? Kwenye magari mengi ni kati ya bar 0.2 na 0.5, bar ikiwa kipimo cha presha. Linganisheni na injini nzima iliyokwisha kupata moto: kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika inakuwa na bar 2 hadi 4, au zaidi. Kwa hiyo taa haikuonyi kwamba presha inapungua. Ikiwaka, presha imekwisha. Hakuna onyo la pili baada ya hilo.

Na presha ikiisha kinatokea nini? Kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haikai moja kwa moja juu ya beringi zake. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo unaletwa na pampu bila kukoma. Ukikatika, chuma kinasaga chuma. Zinazotangulia kufa ni beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Zinapata moto, zinashika kwenye kranki, halafu zinazunguka mahali ambapo hazitakiwi kuzunguka na kuziba tundu lile lile lililokuwa linaleta oili. Baada ya hapo ndipo unasikia ko-ko-ko inayoongezeka ukikanyaga mafuta. Injini imenoki. Hapo tunahesabu sekunde, hatuhesabu kilomita. Anayesema "nyumbani ni hapo tu, kilomita mbili" ameshanunua injini nyingine, hajaletewa bili tu.

Sasa ufanye nini? Ondoa mguu kwenye mafuta. Weka gia N. Washa indiketa ya kushoto, acha gari liserereke hadi pembeni, likisimama zima injini. Usizime likiwa bado kwenye mwendo, usukani na breki vitakuwa vizito mkononi na mguuni. Na usichomoe ufunguo gari likitembea, usukani utajifunga.

Ukishazima, hakikisha gari limekaa sehemu tambarare, subiri dakika tano hadi kumi oili ishuke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Usomaji wa mara ya kwanza haufai, oili imetapakaa kijiti kizima. Kati ya alama ya chini na ya juu, kwenye injini nyingi ndogo, ni kama lita moja. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye Toyota IST nyingi na baadhi ya Vitz inachukua karibu lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwa hiyo ukikuta kijiti kikavu kabisa, umebakiwa na kidogo mno. Ongeza, washa. Taa ikizimika ndani ya sekunde chache, nenda polepole hadi kwa fundi atafute oili imepotelea wapi. Isipozimika, zima hapo hapo, tafuta gari la kukuvuta.

Kuna watakaoniambia: "Mimi nimepima, oili iko full, kwa hiyo taa inadanganya." Hapa ndipo watu wengi wanapoteza injini kwa kujiamini. Oili inaweza kuwa imejaa na presha isiwepo. Sampu ikigonga jiwe au tuta ikabonyea ndani, inakaribia kichujio cha pampu, pampu inakosa cha kuvuta. Oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa inageuka matope mazito meusi, yanakaa kwenye kichujio hicho hicho. Beringi zikiwa zimekwisha, oili inapenya haraka kuliko pampu inavyoleta. Kijiti hakionyeshi hata moja kati ya hayo.

Mwingine ataniambia: "Yangu inawaka kwenye foleni tu, nikikanyaga inazimika." Huyo namwomba asiendelee kukanyaga. Injini ikiwa na moto oili inakuwa nyepesi, na gari likiwa limesimama pampu inazunguka polepole. Ndiyo maana dalili huanza kwenye foleni. Ukikanyaga, taa inazimika, tatizo linabaki.

Ni kweli, wakati mwingine ni swichi yenyewe imekufa. Ni kifaa cha bei ndogo na kinaharibika. Lakini fundi hathibitishi kwa maneno. Anafungua swichi, anafunga geji ya presha kwenye tundu lile lile, anawasha injini na kukusomea namba. Fundi anayebadilisha swichi bila kupima amebahatisha kwa injini yako, si yake.

Na jambo moja zaidi kabla sijaiacha taa hii, maana linatokea siku ya sevisi yenyewe. Filta ya zamani ikifunguliwa, ringi yake ya mpira wakati mwingine inabaki imeganda kwenye bloku. Fundi mwenye haraka anafunga filta mpya juu yake. Ringi mbili hazikazi. Gari linatoka gereji likiwa safi, presha inapanda ukiwa barabarani, ringi inasukumwa nje, oili yote inamwagika. Simama pale fundi anapofungua filta. Muulize ringi iko wapi, mwambie akuonyeshe. Ni haki yako.

Muda unakwenda. Tuje kwenye kitu ambacho hakuna anayekifanya ingawa ni bure. Washa switchi ya ufunguo bila kupiga stata. Angalia dashibodi. Taa za onyo karibu zote zinatakiwa ziwake: oili, betri, injini, ABS (inayozuia tairi zisijifunge ukifunga breki), eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali). Gari linajipima na linakuonyesha kwamba taa zake ni nzima. Piga stata, zizimike. Taa ya eabegi na ya ABS huzimika zenyewe baada ya sekunde chache.

Taa ambayo haiwaki kabisa kwenye switchi ni mbaya kuliko inayowaka muda wote. Inayowaka inakuambia kuna kasoro. Isiyowaka huenda mtu amechomoa balbu au amebandika kitu ili mnunuzi asione. Unapokwenda kununua gari lililotumika, hili ndilo jambo la kwanza, kabla ya kuangalia rangi na viti. Na angalieni hasa taa ya eabegi: wapo wanaouunganisha waya wake na taa nyingine ili ziwake na kuzimika kwa pamoja. Ukiona inazimika sawia na ya oili, papo hapo injini inapowaka, badala ya kufuata sekunde zake yenyewe, uliza maswali. Eabegi huenda ilishafumuka na haikurudishwa.

Joto. Magari mengi madogo, Passo na Vitz kwa mfano, hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi asubuhi, inazimika baada ya dakika chache, na taa nyekundu inayowaka injini ikichemka. Katikati hakuna taa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ya bluu si kasoro. Lakini isipozimika hata baada ya safari ndefu, mara nyingi fundi ameondoa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto.

Najua hoja yake: "Kwetu kuna joto, thamostati ni ya nchi za baridi." Si kweli. Thamostati hufunguka maji yakifika kama nyuzi 82, Dar es Salaam haifiki hapo hata mwezi wa pili. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Ukiiondoa, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, halafu unalalamika gari linakula mafuta. Na kama gari lilikuwa linachemka kwa sababu rejeta imeziba au feni haizunguki, kuondoa thamostati kumeficha ugonjwa, litachemka tena siku yenye mzigo na mlima.

Taa nyekundu ya joto ikiwaka: zima AC, toka barabarani, zima injini. Kama hapo ulipo huwezi kusimama, washa hita hadi mwisho na feni yake hadi mwisho. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, inapunguza joto la injini hadi upate pa kusimama. Na tafadhali, mfuniko wa rejeta usiuguse kwa nusu saa nzima. Maji mle ndani yako chini ya presha, yana joto linalozidi nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, presha inaondoka, yanachemka yote kwa mkupuo, na yanatokea usoni pako. Injini ikipoa, ongeza polepole. Maji baridi kwenye injini yenye moto yanaweza kupasua au kupinda silinda hedi.

Wenye mshale wa joto, kumbukeni kwamba sensa inapima maji yanayoizunguka. Maji yakiisha yote, inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Mshale uliopanda halafu ukashuka ghafla, huku hita inapuliza hewa baridi, usikufariji.

Taa ya betri. Hiyo nayo inaitwa vibaya, maana kasoro ni ya kuchaji. Injini ikiwa inanguruma, mita ikipimwa kwenye betri inatakiwa kusoma kama volti 13.8 hadi 14.4. Ikisoma 12 na inaendelea kushuka, alternata haichaji na unatembelea akiba. Watu hukimbilia kununua betri mpya, nayo inakufa kesho yake. Lakini kubwa zaidi: kwenye injini kama ile ya 1NZ, mkanda mmoja unazungusha alternata na pampu ya maji pia. Taa ya betri ikiwaka ghafla barabarani, huenda mkanda umekatika, na kama umekatika, maji hayazunguki. Simama, fungua boneti, angalia mkanda. Ukiwepo, zima AC na redio, nenda kwa fundi. Usipokuwepo, usiende popote.

Breki. Duara jekundu lenye alama ya mshangao: kwanza angalia hendibreki. Kama imeshushwa, angalia chupa ya mafuta ya breki. Yakiwa chini, usikimbilie kujaza. Pedi zinavyolika, pistoni zinatoka nje na mafuta yanashuka kwenye chupa kufuata nafasi hiyo, kwa hiyo taa inaweza kuwa inakuambia pedi zimekwisha. Ukijaza, umeizima taa na pedi zimebaki vile vile. Kama pedi ni nzima, basi kuna mahali panavuja. Pedali ikizama, usiendeshe. Taa ya ABS ya njano peke yake: breki za kawaida zipo, ila tairi zinaweza kujifunga kwenye utelezi. ABS na ile nyekundu kwa pamoja ni jambo la kusimama.

Naona naonyeshwa saa. Kwa haraka, basi.

Taa ya injini, ya njano. Ikitulia, endesha kwa utulivu na ukapimwe. Ikipepesa, silinda mojawapo haichomi vizuri, petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye egzosi, na kuyayeyusha. Punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Na kufuta kodi, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, kwa mashine si kutengeneza. Kodi ya P0171 inasema hewa imezidi petroli, haisemi "nunua sensa". Inaweza kuwa mpira uliopasuka tu.

O/D OFF, yaani overdrive imezimwa. Hii si kasoro, ni kitufe kilichobonyezwa kwenye gia, mara nyingi bila kujua. Umezuia gia ya juu kabisa. Kuna watu wanasafiri Dar hadi Dodoma namna hiyo, injini inalia, petroli inakwisha. Kibonyeze tena. Lakini ukishuka Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, hapo ndipo kinapotakiwa: weka OFF, na ikibidi shusha gia hadi 2, injini ishike gari. Anayeshuka Kitonga kwa breki tupu anazichemsha, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama hadi chini.

Mshale mdogo pembeni ya alama ya pampu ya petroli unaonyesha mfuniko wa tangi uko upande gani. Taa ya petroli usiizoee, pampu imo ndani ya tangi na inapozwa na petroli hiyo hiyo.

Yule mama anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari anakuambia kadi ya ushuru wa barabara haijawekwa. Ni ya barabara za Japani. Gari ni zima.

Na kitufe cha pembetatu nyekundu ni cha gari lililosimama kwa dharura. Ukikiwasha ukitembea kwenye mvua, anayekufuata hawezi kujua unakata kushoto au kulia. Mvua ikizidi washa taa za mbele za kawaida, na kioo kikifanya ukungu, elekeza hewa kwenye kioo, washa AC, ondoa kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Haya, maswali. Dada pale nyuma, karibu.