Ndani ya Tandiko la Farasi: Mhadhara kwa Mafundi wa Ngozi na Wafuga Nyuki, Tabora

Ndugu mafundi wa ngozi, ndugu wafuga nyuki, habari za asubuhi.

Hapa kwetu farasi ni mgeni. Miombo yetu ina mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaouambukiza mifugo, haimwachi farasi. Tuna punda. Hata hivyo tandiko la farasi la bei kubwa, liwe limeshonwa Walsall, Uingereza, au Paris kwa Hermès, walioanza mwaka 1837 wakiwa watengenezaji wa hatamu na vifaa vya magari ya farasi, lina la kumfundisha fundi wa Tabora. Gharama yake kubwa iko mahali pasipoonekana.

Kuna kwanza kiunzi. Kwa desturi ni mbao nyembamba za mti wa biichi, zimegundishwa tabaka juu ya tabaka, kisha zikatiwa vipande vya chuma. Kikipinda upande mmoja, mpandaji hukaa upande, na ngozi nzuri ya juu haiwezi kuficha kosa hilo. Chini ya kiunzi kuna mito miwili iliyojazwa sufu ya kondoo, na katikati yake mfereji wa vidole 3 au 4 ili uti wa mgongo usiguswe. Uzito hubebwa na misuli iliyo juu ya mbavu, wala usivuke ubavu wa mwisho, ule wa 18. Sufu ikiganda madonge, hukandamiza sehemu moja, na manyoya ya hapo yakiota tena huwa meupe. Tazameni migongo ya punda wetu wanaofungiwa magunia moja kwa moja juu ya uti: alama ni hizo hizo. Mito miwili yenye mfereji ingewaokoa, na hiyo kazi mnaiweza.

Ngozi ya mikanda ikatwe mgongoni mwa ng'ombe, kufuata urefu wa uti. Ya tumboni hutanuka; mkanda unaopita chini ya tumbo la farasi kushika tandiko ukitanuka, tandiko huzunguka na mpandaji huanguka. Ng'ombe aliyechomwa chapa mgongoni, au aliyeshambuliwa sana na kupe, ameshapoteza sehemu hiyo ya thamani akiwa hai. Mfugaji aambiwe achome chapa mguuni.

Sasa mshono, ambao ndio roho ya kazi. Uzi mmoja wa kitani, sindano mbili butu, moja kila ncha. Kata uzi mara 4 ya urefu wa mshono. Chora mstari milimita 3 au 4 kutoka ukingoni, pima mishono 8 hadi 10 kwa inchi, toboa kwa msharasi. Kila tundu hupitwa na sindano zote mbili, zikitoka pande tofauti. Vuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa, na mwishoni rudi nyuma mishono 2 au 3. Mshono wa cherehani hutegemea nyuzi mbili zilizoshikana. Mmoja ukikatika, jirani zake hulegea. Huu wa mkono ukikatika mahali pamoja, uliobaki hushika. Makosa ni mawili makubwa: sindano kuchoma uzi uliokwisha kupita, basi hauvutiki tena, na matundu kukaribiana mno, ngozi ikachanika kwenye mstari kama karatasi ya stempu.

Uzi huo hupakwa nta kabla ya kushona, na hapa wafuga nyuki mnaingia. Nta iliyobaki na asali huvuta unyevu na sisimizi. Iyeyusheni ndani ya maji, moto mdogo, kwani nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi tu, na moto mkali huifanya nyeusi. Chujeni kwa kitambaa, funikeni sufuria ipoe polepole, kisha kwangueni uchafu ulioganda chini ya bonge. Uzi upitishwe kwenye nta mara 3 au 4, halafu usuguliwe kwa kitambaa mpaka upate joto na nta iingie ndani. Ukiona nta inadondoka vipande kwenye tundu la kwanza, hujasugua vya kutosha.