Umekloni diski, kompyuta imekataa kuwaka? Anza hapa

Hamjambo jamaa zangu. Niko kibandani Mwembe Tayari, na feni mkiisikia inanguruma mnisamehe, joto la Mombasa mwalijua. Hii laptopu ni ya mteja. Diski yake ya zamani, ile ya kuzunguka, aliikloni, yaani aliinakili kama ilivyo, kwenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) mwenyewe nyumbani. Programu ikamwambia kazi imekwisha, akawasha, akakutana na hii: kioo cha buluu na msimbo 0xc000000e.

Usifomati kitu. Mara nyingi mafaili yako salama. Kinachokosekana ni njia ya kuyafikia.

Zima, chomoa chaja, kisha toa diski ya zamani. Kloni hubeba kitambulisho kilekile cha mwenzake, na Windows ikiona mapacha wawili humweka mmoja kando. Ile ya zamani itie kwenye bahasha, usiifute kwanza. Nimewaona waliofuta siku hiyohiyo, wakarudi wakilia.

Washa, gonga F2 au Delete uingie BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayotangulia Windows. SSD haionekani? Hilo ni la kebo au soketi, ichomeke upya. Ikionekana, ipandishe iwe ya kwanza. Kisha tazama hapa: diski iliyogawanywa kwa mtindo mpya, GPT, yataka namna ya kuwasha iitwayo UEFI; ya mtindo wa zamani, MBR, yataka Legacy. Na palipoandikwa AHCI au RAID, yaani namna kompyuta inavyowasiliana na diski, paache palivyokuwa tangu diski ya zamani.

Bado? Chomeka flashi ya kusakinisha Windows, uwashe kupitia hiyo. Ukurasa wa kwanza ukitokea, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Kidirisha cheusi hiki hapa; nasogeza kamera. Naandika, nizione sehemu za diski:

diskpart
list volume

Mwaiona hii ndogo ya FAT32, MB 100? Hiyo ndiyo EFI, mlango wenyewe. Kwangu ni namba 3, kwako soma vizuri. Na Windows yenyewe leo imepewa herufi D badala ya C. Ukikariri amri bila kutazama, hapa ndipo utakapokwama. Naendelea, naipa EFI herufi S kisha naunda upya faili za kuwashia:

select volume 3
assign letter=S
exit
bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Jibu limekuja: faili za kuwashia zimeundwa. Kama ulikuwa na GPT lakini hiyo FAT32 huioni kabisa, basi ulikloni sehemu ya C peke yake. Rudia, safari hii chagua diski nzima. Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, ni tarakimu 48, utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Nachomoa flashi, nawasha. Vidoti vinazunguka… vinazunguka… haya, ukurasa wa nywila huo. Namwita mwenyewe aje aiandike. Mimi siijui, wala sitaki kuijua.