Kuhakikisha Kamera ya Darubini kwa Nuru ya Galaksi za Mbali

Assalaam aleykum, mabibi na mabwana. Jioni hii nitazungumzia kazi inayotangulia kila picha ya darubini ya James Webb, nayo ni kuihakikisha kamera yenyewe, yaani kupima kama vipimo vyake ni sahihi.

Kamera yake ya infraredi (nuru isiyoonekana kwa macho, iliyo ng'ambo ya wekundu), NIRCam, ina vigunduzi 10 vya kupokea nuru, kila kimoja kikiwa na pikseli, yaani nukta za picha, 2048 kwa 2048, na pikseli hizo haziitikii nuru kwa kiwango kimoja. Darubini ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 na iko kilomita milioni 1.5 hivi kutoka duniani, mahali ambapo fundi hawezi kufika, kwa hiyo kipimo hakina budi kutoka angani.

Ili kujua kila pikseli inatazama wapi hasa, wanasayansi walichagua eneo ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani ambayo nyota zake zilikwisha kupimwa kwa darubini ya Hubble. (Wingu hilo huonekana hata kutoka pwani yetu hii, chini upande wa kusini, jioni za Januari, taa za Mombasa zisipolifunika.) Ili kujua nguvu ya nuru, hutumia nyota ambazo mng'ao wake unafahamika vyema, kama vile vibete vyeupe (masalia madogo ya nyota zilizokwisha kuzimika) na nyota zilizo mfano wa jua letu.

Galaksi za mbali huingia baadaye. Umbali wa galaksi ukishajulikana kwa spektra yake, yaani nuru yake iliyotawanywa katika rangi zake, twaweza kukadiria nuru inayopaswa kupita katika kila kichujio, yaani kioo cha kamera kinachopitisha rangi fulani tu. Galaksi moja ikizidi makadirio, huenda ndivyo ilivyo. Lakini mamia ya galaksi za umbali mbalimbali zikizidi zote katika kichujio kilekile, lawama ni ya kichujio au kigunduzi, kwani upanukaji wa ulimwengu umeivuta nuru ya kila moja kwa kiasi chake, hata haielekei zote zizidi mahali pamoja kwa asili yake.

Hapa ndipo ninapotaka tahadhari. Makadirio hayo hutokana na mifano ya nuru ya galaksi tuliyoiunda wenyewe, na mifano ikikosea, kamera nzuri itaharibiwa kwa jina la kurekebishwa. Muuzaji wa Marikiti hahakikishi mizani yake kwa viazi anavyoviuza. Kwa maoni yangu, nyota zitangulie, galaksi ziwe shahidi wa pili, na mtafiti anayezitumia kurekebisha vipimo aeleze waziwazi ni zipi, ili zisihesabiwe tena kuwa ushahidi wa ugunduzi wake.