Siku Hizi Uko Wapi? Habari za Wenzetu wa Chuo cha Ualimu

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Tunarekodi hapa Ngamiani, Tanga, mimi Mwanaidi na mwalimu mwenzangu Hoza. Leo zamu ya wenzetu tuliosoma nao chuo cha ualimu. Hoza, juzi ulikuwa harusini Muheza.

HOZA: Naam, dada. Binti wa wenzetu kaolewa. Watu wa chuo tulijikuta meza moja, na kila aliyefika alipokewa na swali lile lile: "Siku hizi uko wapi?"

MWANAIDI: Hata kabla ya kuulizwa watoto?

HOZA: Kabla ya watoto, kabla ya cheo. Kwetu walimu, ukishajua mtu yuko kituo gani, umeshajua mengi. Utajua alioa wapi, watoto wake wanasema lugha gani, na mama yake anauguzwa na nani.

MWANAIDI: Tuwaeleze vijana kidogo. Mwaka 2001 ada ilifutwa shule za msingi, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Watoto walimiminika, mwalimu mmoja ana darasa halina hata pa kupita. Ikabidi mafunzo ya Daraja la Tatu A, yaani cheti cha ualimu wa msingi, yawe mwaka mmoja chuoni, halafu mwaka mmoja uko shuleni unafundisha kwa vitendo. Sisi ndio walimu wa kipindi hicho.

HOZA: Tulikuwa wadogo mno. Mtu ana miaka ishirini na ushei, hajawahi kuvuka Chalinze, anaambiwa Rukwa, Kigoma, Mtwara. Na tulikwenda, tena kwa furaha, maana ajira ilikuwa ajira.

MWANAIDI: Mimi nasema, na nalisema bila kuficha: karatasi ile ya kutupangia vituo vya kazi ndiyo iliyotupangia na familia. Tunapenda kutenganisha, hizi habari za kazi, zile za nyumbani. Kwa kizazi chetu ni habari moja. Hebu wasimulie kuhusu hao wenye harusi.

HOZA: Hao wawili walianza uchumba chuoni. Wakafunga ndoa hata ajira hazijatoka. Ajira zikatoka: mume Kasulu kule Kigoma, mke Muheza hapa Tanga. Wakasema si kitu, tutaomba uhamisho, mwaka hauishi tutakuwa pamoja. Leo bintiye kaolewa, na baba bado yuko Kasulu.

MWANAIDI: Mungu wangu.

HOZA: Baba mtu alifika usiku wa kuamkia harusi, ana begi dogo na gunia la maharage ya Kigoma. Asubuhi wageni wanaingia uani, majirani wa miaka yote, na nikamwona binti kasimama ubavuni mwa baba yake anamnong'oneza: "Huyu ni Mama fulani, ndiye aliyekuwa akinipeleka kliniki. Yule ni mzee wa mtaa." Baba anashika mikono, anasema ahsanteni, ahsanteni sana kwa kunilelea. Mahari alipokea mjomba, kwa sababu siku ya posa ilikuwa wiki ya mtihani wa darasa la saba na mwalimu hatoki shuleni.

MWANAIDI: Na watu watasema hakuhangaika.

HOZA: Alihangaika! Mkewe alinionyesha bahasha ya kaki, imechakaa pembeni, barua zimo zote. Ombi la kumfuata mwenza, nakala ya cheti cha ndoa imeambatishwa, muhuri wa mwalimu mkuu, muhuri wa mratibu elimu kata. Majibu yanafanana: ombi halikukubaliwa kutokana na upungufu wa walimu, ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, haitoshi. Kuna barua moja mkewe kaiandikia kwa penseli pembeni, "mtoto ana homa leo". Alikuwa hana karatasi nyingine karibu, akaandika tarehe na dawa alizompa.

MWANAIDI: Hiyo penseli ndiyo habari yenyewe, Hoza.

HOZA: Ndiyo. Nauli ya likizo mtumishi hulipwa kila baada ya miaka miwili, na kutoka Kasulu hadi Tanga ni safari ya kukata nchi nzima. Ukisema uje kila likizo ya Juni na Desemba, ni mshahara wako huo unauteketeza barabarani. Mdogo wake bibi harusi alikulia kwa baba, anasema Kiha kama kazaliwa huko. Dada mtu anasema Kibondei cha bibi. Wanaelewana kwa Kiswahili, wanapendana, lakini utoto wao haukuwa wa pamoja.

MWANAIDI: Ila na Kasulu wana watoto wanaohitaji mwalimu. Hilo lazima tuliseme. Kila mtu wa Tanga akirudi Tanga, nani atafundisha huko?

HOZA: Kweli kabisa, na huyu bwana wanafunzi wake wengine ni walimu leo. Mimi sisemi wilaya ya mbali iachwe. Nasema hivi: watu wawili wenye ndoa, wote watumishi, wote walimu wa msingi, wapelekwe pamoja. Wapelekeni Kasulu wote! Wangekwenda. Mke aliniambia mwenyewe, aliomba hata yeye kwenda huko, akajibiwa ikama ya Muheza.

MWANAIDI: Hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Na wenye ndoa za vituo viwili wako wengi kwenye darasa letu, si hao peke yao. Wengine ndoa hazikustahimili. Sitataja mtu, lakini mnajijua, na tunawapenda.

HOZA: Umezungumza na yule mwenzetu wa Pangani?

MWANAIDI: Nimezungumza naye. Habari njema kwanza: ana shahada. Alisoma Chuo Kikuu Huria huku anafundisha, huku ananyonyesha, anafanya mitihani na mtoto yuko nje kwa mdogo wake. Akamaliza, akasubiri kubadilishiwa muundo, kutoka mshahara wa cheti kwenda wa shahada. Sasa kumbuka mwaka 2016 upandishaji vyeo ulisimamishwa kwa ajili ya uhakiki wa watumishi. Mwaka 2017 vikaja vyeti feki, wakaondolewa watumishi zaidi ya 9,900. Sawa, uhakiki ulihitajika. Lakini mwenye cheti halali naye alikaa pale pale alipo.

HOZA: Mpaka 2021.

MWANAIDI: Mpaka 2021 ndipo wengi wetu tukaanza kupandishwa madaraja tena. Miaka mitano mtu ana miaka thelathini na tano hadi arobaini, watoto ndio wanaingia sekondari, wazazi ndio wanaanza kuumwa. Ndiyo miaka ambayo mtu angejenga.

HOZA: Na ndiyo miaka mikopo ilipotuingia. Wako wenzetu walioacha kadi ya benki kwa mkopeshaji, mshahara ukitoka anaukuta yeye kwanza. Mmoja aliuza kiwanja. Yuko sawa sasa, kanunua kingine Pongwe.

MWANAIDI: Alhamdulillahi. Basi huyu dada wa Pangani, jambo lililomtoa machozi si mshahara. Ni bima ya afya. Kadi ya mtumishi miaka yote imekuwa na nafasi ya wewe, mwenza wako, na wategemezi wanne. Yeye ana watoto watatu, na mama yake, na baba mkwe. Hesabu hiyo.

HOZA: Wanazidi.

MWANAIDI: Wanazidi mmoja. Anasema alikaa kitandani na fomu, mume kalala, anamwangalia kila mmoja kichwani: nani anaumwa zaidi, nani anaweza kusubiri. Baba mkwe ana kisukari, mama ana presha. Mwisho alimwacha mtoto wa kati, kwa kuwa huyo haumwi ovyo, akamwambia mumewe, huyu tutamlipia mfukoni. Anasema tangu siku hiyo mtoto akipiga chafya yeye moyo unaruka.

HOZA: Maamuzi mazito kwa mtu mmoja na kalamu.

MWANAIDI: Mume angekuwa mtumishi, wangegawana. Lakini mume ni mvuvi.

HOZA: Habari nyingine za haraka haraka. Mmoja wetu ni afisa elimu kata Lushoto, hongera kwake, ana pikipiki na milima ya kutosha. Mmoja kaacha ualimu kabisa, analima machungwa Muheza na hataki kusikia chaki. Wawili wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu.

MWANAIDI: Amina. Na la kustaafu lilizungumzwa mezani?

HOZA: Lilizungumzwa mpaka biryani ikapoa! Sisi wa arobaini na tatu, arobaini na tano, kustaafu kwa hiari kwa miaka 55 si mbali. Na kikokotoo, hesabu ile ya mafao yetu, kila mtu anakijua kwa kichwa: asilimia 33 ya mafao unalipwa kwa mkupuo kuanzia Julai 2022, kisha mwaka 2024 ikatangazwa asilimia 40 kwa wale waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa 50. Yule baba wa bibi harusi akasikiliza yote, akasema, "Mimi nikifika 55 naondoka siku hiyo hiyo. Fedha watakayonipa nitaipokea Muheza."

MWANAIDI: Na mkewe alikuwa anasikia?

HOZA: Alikuwa anapakua. Akasema bila kugeuka, "Miaka kumi tena? Mimi nakutaka mwaka huu." Meza nzima kimya, halafu mtu mmoja akauliza: jamani, kati yetu hapa nani anamjua mwalimu wa kwao Kigoma aliyekwama huku?

MWANAIDI: Hilo swali zuri! Kubadilishana kunakubalika, akipatikana mwenye kada ile ile na wenye mamlaka wa pande zote mbili wakiridhia. Pengo la ikama halitokei upande wowote.

HOZA: Basi ameturuhusu tutangaze. Mwalimu wa shule ya msingi, yuko Halmashauri ya Wilaya ya Kasulu, anatafuta wa kubadilishana naye. Anataka Muheza, Mkinga, Pangani au Tanga Jiji pia anakubali. Nyumba ya mwalimu ipo, shule iko karibu na barabara, na anamwachia atakayekuja shamba la maharage likiwa limeshapaliliwa.

MWANAIDI: Ukiwa mwalimu wa msingi mkoa huu na kwenu ni Kigoma, tutumie ujumbe wa sauti. Taja wilaya uliyopo na kama uko tayari kusafiri Desemba. Tutakuunganisha naye wiki hii hii.